Jembe Lisilo na Mpini: Kitu cha Urithi Kijue Jina Kabla ya Kukigawa

Katika barua zilizoufikia ukurasa huu imo moja iliyotoka kwa ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao, wakaao katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Baba yao amefariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, na walipofungua kasha lake ili wajue alichoacha, walikuta chini ya kanzu na karatasi za shamba kipande cha chuma kilichoviringishwa ndani ya kaniki kuukuu. Wanakieleza hivi: ni bapa pana lenye umbo la jani la tambuu, urefu wake wapata shubiri moja na upana wake ni karibu sawa na huo, na pale ambapo jani huwa na kikonyo pametoka mkia wa chuma, mrefu na mwembamba, wenye ncha. Hakina mpini, hakina tundu la kutilia mpini, wala hakina herufi wala alama yoyote. Uzito wake ni kiasi cha kilo moja.

Ndugu hao wamekhitilafiana. Mkubwa wao asema kuwa hilo ni bapa la mkuki wa vita, na kwamba yuko mchuuzi wa vitu vya kale aliyekwisha kulitajia bei. Wa pili asema ni kitu cha uganga, kwani kama si hivyo kisingefungwa katika nguo nyeusi na kuwekwa chini ya kasha. Na shauri lake ni kitupwe baharini. Dada yao amekwenda kumwuliza shangazi yao, ambaye sasa ni mtu mzima sana, na shangazi amejibu kwamba alipokuwa mtoto alimsikia bibi yake akisema juu ya chuma hicho, "Hiki ndicho nilichoolewa nacho." Kaka zake wameyacheka maneno hayo, wakasema, "Mwanamke haolewi kwa chuma." Sasa watuuliza mambo mawili: chuma hiki ni nini, na ni mali ya nani?

Twawashukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Na jambo la kwanza tunalopenda walifahamu, na kila msomaji alifahamu pamoja nao, ni kwamba maswali yao mawili kwa hakika ni swali moja. Atakayejua kazi ya chuma hicho ataijua pia njia ya kumpata mwenyewe. Na atakayekigawa, au kukiuza, au kukitupa bila ya kukijua, huenda akaila haki ya mtu ambaye hata jina lake halikutajwa siku ya kugawa.

Si kila kilichomo nyumbani mwa maiti ni chake

Dasturi ya watu wengi, mzee akifa, ni kuhesabu nyumba, shamba, mifugo na fedha. Vyombo vya kazi havihesabiwi. Jembe huchukuliwa na aliye karibu, mundu huachwa uote kutu ukutani, na chuma kisichojulikana hupewa watoto wachezee. Haya si mambo ya sharia. Aya ya 7 ya Sura An-Nisaa imeweka wazi kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kiwe kingi. Basi jembe kuukuu nalo limo katika mirathi kama shamba lililolimwa kwalo.

Lakini liko jambo la pili, na hili husahauliwa zaidi. Si kila kilichokutwa katika nyumba ya maiti ni mali yake. Huenda kikawa ni amana aliyowekewa na mtu. Huenda kikawa ni cha kuazima, au rahani, au wakfu wa msikiti. Huenda pia kikawa ni mali ya mkewe, au ya mamaye, iliyokaa chini ya dari moja na mali yake kwa miaka mingi mpaka watu wakaizoea kuwa yake. Ndiyo maana yatupasa kuuliza kila kitu kilifikaje humo ndani, na hatuwezi kuuliza kimefikaje kabla ya kujua ni nini.

Namna ya kukihoji chombo

Chombo cha kale hakina ulimi, lakini kina ushahidi mwilini mwake. Twaeleza hapa mambo matano ambayo kila mtu aweza kuyatazama nyumbani, bila ya fundi wala mashine.

La kwanza ni mahali pa mpini. Tazama kama chuma kina tundu au kina mkia. Jembe la siku hizi lina tundu, na mpini hupita ndani ya chuma. Jembe la wahunzi wa zamani wa bara mara nyingi lilikuwa kinyume cha hivyo: chuma ndicho kilichopita ndani ya mpini. Mti mgumu wenye kichwa kinene ulitobolewa, mkia ukapenya, na kila pigo la ardhini likazidi kuukaza.

La pili ni makali, yaani pale palipolika. Jembe lililolima miaka mingi hulika likawa fupi na dogo, nalo huitwa kiselema. Mundu hulika upande wa ndani wa upindo wake. Kotama, kisu cha mgema, huwa chepesi chenye makali mazuri, kwani kazi yake ni kukata karara la mnazi kidogo kidogo. Na hapa twapenda kuonya: msomaji akikuta kotama katika vyombo vya babu yake asifanye haraka kumdhania marehemu ubaya. Maji ya mnazi yakigemwa hupikwa yakawa asali, na hugeuzwa yakawa siki. Na kumdhania maiti wema ni jambo lisilogharimu kitu.

La tatu ni mkono wa aliyekitengeneza. Chuma cha kiwandani kina unene ulio sawa, na mara nyingi kina chapa. Wengi wa wazee wetu walilijua jembe lenye alama ya mamba, lililoletwa kutoka Wolverhampton katika Uingereza, na baada ya uhuru yakaja majembe ya kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam. Lakini chuma kilichofuliwa kwa nyundo hakiwi hivyo. Ukipitisha vidole juu yake utaona mabonde madogo madogo ya mapigo, na utaona kuwa upande mmoja ni mnene kuliko wa pili.

La nne ni kadiri yake na kazi yake. Jiulize: mtu akikishika hiki siku nzima, atafanya nini nacho? Chuma cha kifuo, kikiwa kimeng'olewa ardhini na mti wake umekwisha kuoza, chaweza kudhaniwa kuwa ni mkuki mfupi. Lakini chuma hicho kilisimamishwa ncha juu ili nazi ibanwe na kufuliwa, na hakikutengenezwa kurushwa. Vile vile chombo cha mti kilichochongwa kama kikombe kikubwa huenda si kikombe. Kijaze mchele, kisha upime kwa kibaba. Kikichukua vibaba 2 ni kisaga, kikichukua vibaba 4 ni pishi, na wewe unayekitia maua umekigeuza kazi chombo ambacho wazee walipimia mavuno na fitri.

La tano ni mahali kilipowekwa na watu waliokiona. Chombo cha kazi hukaa ghalani au huchomekwa katika paa. Kilichofungwa nguo na kutiwa ndani ya kasha kina sababu nyingine, na sababu hiyo mara nyingi imo katika kifua cha mtu mzima mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza.

Chuma cha barua hii

Sasa tukitie chuma cha ndugu zetu katika mizani hiyo. Kina mkia wala hakina tundu. Kwa hiyo si jembe la kiwandani. Bapa lake ni pana kama shubiri na uzito wake ni kilo moja. Kwa hiyo si la mkuki, kwani mkuki hutakiwa uwe mwembamba ili upenye na uwe mwepesi ili mkono uuongoze, na hapana askari atakayebeba bapa pana namna hiyo kwenda nalo vitani. Umbo lake ni la jani la tambuu. Hilo ni umbo linalojulikana sana la jembe la kale la bara, jembe lililofuliwa na wahunzi wa nchi hii kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe.

Ni vizuri wasomaji wetu wajue kuwa ilimu hiyo haikuletwa na mgeni wa juzi. Katika nchi ya Wahaya, mahali paitwapo Katuruka, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa miaka 2,000 hivi. Katika Ufipa wahunzi walijenga tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zipatazo meta 3 kwenda juu, zilizovuta upepo zenyewe bila ya mivukuto. Kisha chuma kilichotoka humo kikasafishwa tena katika tanuri ndogo kabla ya kufuliwa. Katika Ugweno, kaskazini ya milima ya Upare, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na Wachaga walinunua chuma kwao. Na kusini-magharibi ya ziwa Viktoria, katika nchi za Geita na Biharamulo, Warongo walifua majembe ambayo Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda kuyanunua.

Majembe haya hayakuwa ya kulimia tu. Yalikuwa ni mali. Katika nchi ambayo sarafu ilikuwa adimu, jembe jipya lilikuwa na thamani inayojulikana na kila mtu: liliweza kubadilishwa kwa nafaka au kwa mbuzi, liliweza kuwekwa akiba kwa kuwa haliozi kama mtama, na katika makabila mengi ya bara liliingia katika mahari. Mtu akiitwa tajiri, majembe aliyonayo yaliweza kuhesabiwa pamoja na ng'ombe wake.

Yawezekanaje basi jembe la bara kukutwa katika kasha la pwani? Jawabu imo katika barua yenyewe. Ndugu zetu wanaandika kuwa bibi mzaa babu yao, yaani yule ambaye wao ni vitukuu vyake, alizaliwa katika nchi ya Tabora, akaolewa huko mara ya kwanza na kuzaa mtoto mwanamume, kisha akaachika, akaolewa na babu yao mkuu aliyekuwa mpagazi, wakashuka pamoja mpaka pwani. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Njia ya Tabora na Bagamoyo ilipitwa na misafara katika karne ya 19, na Wanyamwezi walisifika kuliko wengine wote kwa upagazi. Wengi walibaki pwani, wakasilimu, wakajenga, na leo wajukuu wao hawasemi neno moja la Kinyamwezi. Chuma hiki basi kimekuja na mtu, na mtu huyo anajulikana.

Jembe la mahari

Imebaki tujue kama lilikuwa jembe la kazi, au la biashara, au la mahari. Hapa ndipo makali yanaposema. Tuliwaandikia ndugu hao tukawaomba walitazame vizuri, nao wamejibu kuwa bapa ni zima, ncha yake haikulika hata kidogo, pembe zake mbili ni sawa, na mkia hauna alama ya kukwaruzwa wala ya kubanwa na mti. Maana yake ni kwamba jembe hili halikupata kutiwa mpini. Limefuliwa, limetolewa kwa mtu, limefika pwani, na kwa muda wa miaka mia au zaidi halikulima hata tuta moja.

Mkulima hanunui jembe akalifunga kaniki. Mpagazi aliyebeba majembe ya biashara angeliliuza njiani, kwani ndiyo sababu ya kulibeba. Lakini mwanamke aliyepewa jembe katika ndoa yake ana sababu ya kuliweka. Na zilipokuja zama za Wajerumani, ikaanza kodi ya nyumba mwaka 1898, na sarafu na majembe ya Ulaya yakaenea mpaka vijijini, jembe la mkia liliacha kuwa fedha. Aliyekuwa nalo akalifua liwe kitu kingine, au akalilimia mpaka likaisha. Lililobaki zima lilibaki kwa kuwa kuna mtu aliyekataa liguswe.

Sasa rudini kwenye maneno ya shangazi: "Hiki ndicho nilichoolewa nacho." Maneno yale yaliyochekwa ndiyo yanayokubaliana na chuma, na maneno ya mkuki na ya uganga ndiyo yanayopingana nacho. Hatusemi kuwa makali peke yake ni ushahidi wa kutosha. Twasema kwamba umbo la chuma, nchi aliyotoka bibi, upya wa makali, na khabari ya mtu mzima aliyeisikia kwa masikio yake, vyote vinne vimeelekea upande mmoja. Na katika mambo ya kale ni mara chache mtu kupata zaidi ya hayo.

Basi ni la nani?

Katika sharia mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Aya ya 4 ya Sura An-Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na si halali kwa baba, wala kaka, wala mume kuyachukua ila kwa radhi yake. Ni kweli kwamba katika ada za bara mahari mara nyingi yalikwenda kwa wazee wa mke. Lakini jembe hili halikubaki kwa wazee. Lilikuwa mkononi mwa bibi mwenyewe, akalisafirisha, akaliweka mpaka kufa kwake, akalitaja kuwa ni lake, na hatukuambiwa kuwa yuko aliyemkanusha katika uhai wake. Kitu kilicho mkononi mwa mtu huhesabiwa chake mpaka patokee dalili iliyo kinyume. Na kama jembe lilitolewa na mume wa kwanza au na mume wa pili, hukumu ni moja, maana katika hali zote mbili mwenye mali ni yeye.

Huenda msomaji akauliza, "Liwe la mume au liwe la mke, kuna tofauti gani, na wote wawili wamekwisha kufa?" Tofauti ipo, na ni kubwa. Tufanye hesabu.

Babu mkuu alikufa kwanza, akaacha mke huyu mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mtoto mmoja wa kike. Lau jembe lingekuwa lake, mke angepata thumni, na kilichobaki wangegawana watoto wale wawili, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Yule mtoto wa Tabora si mwanawe, kwa hiyo hana kitu kwake. Angepata tu kutokana na thumni ya mama yake baada ya mama kufa. Ukiligawa jembe mafungu 20, fungu lake lingekuwa 1 tu.

Lakini jembe likiwa ni la mke, mambo hugeuka. Yeye alipokufa hakuacha mume wala wazazi. Aliacha watoto wawili wa kiume, mmoja Tabora na mmoja pwani, na mtoto mmoja wa kike. Mali yake hugawanywa mafungu matano: kila mwanamume mafungu mawili, na mwanamke fungu moja. Katika mafungu 20 yale yale, mtoto wa Tabora ana 8, sawa kabisa na ndugu yake wa pwani, na dada yao ana 4. Basi kwa kulijua jembe ni la nani, haki ya upande wa Tabora imetoka fungu 1 imefika mafungu 8. Hayo yote baada ya kutolewa madeni ya maiti na wasia wake usiozidi thuluthi, kama vilikuwapo.

Watoto wale watatu nao wamekwisha kufa, na hisa ya kila mmoja imekwenda kwa warithi wake, na ya hao kwa warithi wao. Hesabu hiyo ni ndefu, na twawashauri ndugu zetu waipeleke kwa shekhe mwenye ilimu ya faraidhi, wala wasiifanye kwa kukisia. Maneno yetu hapa ni ya kuonyesha njia. Si hukumu ya kadhi. Lakini kwa hesabu yoyote ile, ndugu watatu walioandika barua si wenye jembe peke yao. Shangazi yao ana haki ndani yake. Kizazi cha dada wa babu yao kina haki. Na wako watu Tabora, ambao wao wenyewe wanasema hawajawaona wala kuwaandikia miaka mingi, nao wana haki katika chuma kilichomo ndani ya kasha la pwani.

Kuuza na kutupa

Kwa kaka mkubwa twasema: huwezi kuuza usichokimiliki peke yako. Atakayeuza fungu lake na aliuze, lakini fungu la mwenziwe hana ruhusa nalo mpaka mwenziwe aridhie. Tena ujue kuwa Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na vitu vya kale haviruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila ya kibali. Kwa hiyo mtu anayekuhimiza uuze upesi na kwa siri, muulize kwanza atakipeleka wapi.

Kwa kaka wa pili twasema: kaniki ilikuwa nguo ya kila siku ya wanawake wa bara na wa mashamba, na bibi alifunga mali yake kwa nguo aliyokuwa nayo. Ni kweli kwamba wahunzi wa zamani walikuwa na miiko mingi juu ya tanuri zao. Miiko hiyo ilikuwa ya wale watu na ya ile kazi. Chuma kilipotoka humo kilikuwa chuma, hakinufaishi wala hakidhuru ila kikikuangukia mguuni. Na kutupa baharini mali ya watu, kwa hofu isiyo na msingi, ni kuipoteza, na aliyeipoteza hudaiwa thamani yake.

Lipi basi la kufanya? Jembe halikatwi vipande. Warithi wakijulikana na wakikubaliana, mmoja wao aweza kulichukua na kuwapa wengine thamani ya mafungu yao, au wengine wakamwachia kwa hiari yao. Au wote wakaafikiana liwekwe katika makumbusho, kama ile ya Taifa iliyoko Dar es Salaam, au ile ya Bujora karibu na Mwanza, mahali ambapo vyombo vya watu wa nchi zile vinatunzwa na kuelezwa. Lakini ikiwa katika warithi yumo mtoto mdogo, au yatima, fungu lake halitolewi zawadi. Walii wake hana ruhusa ya kuwa karimu kwa mali isiyokuwa yake.

Na katika siku za kungoja wasilisugue kwa jiwe, wasilipige tupa, wasilipake rangi, wala wasilitie katika siki au ndimu ili ling'ae, kwani hayo yote hufuta ule ushahidi tulioueleza. Walipanguse kwa brashi kavu, wapitishe juu yake kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, na waliweke mahali pakavu. Na kwa wasomaji wengine twaongeza onyo moja: mkikuta katika vitu vya wazee chuma kidogo chenye umbo la chembe cha mshale, kiwekeni mbali na watoto wala msikiguse kwa mkono wenye jeraha, maana mishale ya kuwindia ilipakwa sumu, na sumu ya mishale huweza kukaa muda mrefu.

Tunamaliza kwa nasaha kwa kila nyumba. Lau yule bibi angelikuwa na mtu wa kumwandikia mistari mitatu katika karatasi, kwamba hili ni jembe, ni la mahari yangu, nimepewa na fulani, basi vitukuu vyake wasingelisumbuka na mkuki wala uganga. Karatasi hiyo sisi twaweza kuiandika leo. Katika nyumba zetu mna miundu, vinu, pishi, mbuzi za kukunia, na vyuma ambavyo mtu mmoja tu ndiye anayevijua, na mtu huyo ana umri wa miaka themanini. Mwende mkamwulize jina la kila kimoja, na kazi yake, na nani alimpa nani. Yaandikeni maneno yake kama alivyoyasema, myafunge pamoja na chombo chenyewe.

Ama ndugu zetu watatu, kazi yao ya kwanza si kutafuta bei. Ni kumwendea shangazi, kumwomba radhi kwa kicheko kile, na kumwuliza majina ya watoto wa yule ndugu wa Tabora, maadamu bado yuko wa kuyataja. Wabillahi tawfiki.